Kope Zangu Hazioshwi kwa Machozi

Kila asubuhi nachemsha maji kidogo, nayaacha yapoe, natia tone la sabuni ya mtoto. Kwa brashi laini napitisha povu kwenye kope zangu za kubandika, toka juu kwenda chini, bila kusugua. Nasuuza, napepea kwa kipande cha katoni, nachana. Bertille aliyenibandika alikimbilia Kigoma vita vilipopamba moto, kwa hiyo kazi yote ni yangu. Aliniachia masharti: mafuta mwiko, moshi mwiko, kulia mwiko.

Hilo la kulia ndilo linalowachoma wakwe zangu. Mume wangu Cyprien alipeleka chumvi Manono kwa pikipiki, barabara ikafungwa nyuma yake, na tangu hapo kimya. Mdogo wake, Gauthier, ameamua kwamba amekufa. Hana maiti wala shahidi, ana haraka tu. Matanga yakiwekwa, mimi nitanyolewa nywele, niitwe mjane, na nyumba hii iwe yake. Ila katika ukoo wao mke ndiye anayeanza kilio. Asipolia, msiba haujafunguliwa. Majirani wanasema sina haya, najipamba na mume hajulikani alipo. Waseme mpaka wachoke.

Jumapili walikuja na mikeka bila hata kubisha hodi. Wanawake wakatandika uani, wakakaa, wakanikodolea macho wakingoja nianze. Moyo uliniuma, sifichi. Cyprien namtamani mpaka nakosa usingizi. Lakini nilileta beseni langu, nikaliweka katikati yao, nikaosha kope zangu taratibu kama siku zote.

Gauthier akapandwa na hasira, akamgeukia mama yao, Mama Émérence, amwambie mkwewe alie. Mama huyo hajawahi kunipenda. Alinitazama nikipepea macho yangu mpaka yakakauka.

"Miye njo nilimuzaa Cyprien," akasema. "Muke yake anamungoja, na miye mama yake nitangulie kumuzika?"

Akakunja mkeka wake. Wengine wakakunja ya kwao, wakatoka nyuma ya Gauthier wakinong'ona. Mama Émérence hakwenda. Alikuja akachuchumaa kando ya beseni, macho yamevimba kwa kulia kwa siri siku zote hizo, akaniomba nimwoshe uso.

Nikamwaga yale maji, nikabandika mengine jikoni.