Bomba la Nyamalongo

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Rhoda, afisa uhusiano wa kampuni ya Dhahabu Njema, alihesabu moja, mbili, tatu, akainua simu akaenda hewani. Meneja Fredy akafungua koki. Maji yakatoka. Yalikuwa maji masafi, ya baridi, na yaliijaza ndoo mpya yenye nembo ya kampuni mpaka shingoni. Ghati, aliyechaguliwa kutwishwa ndoo kwa sababu mwanya wake unapendeza kwenye picha, alitwishwa, akatabasamu kama alivyoelekezwa, akatembea hatua saba. Rhoda akakata matangazo. Maji nayo yakakata.

"Presha," alisema Fredy.

Rhoda alikuwa amesahau kuwaaga watazamaji, akarudi hewani. Maji yakatoka. Akaaga, yakakata. Alijaribu mara nne, kisha akaandika kwenye daftari lake: *Bomba linatoa maji likiwa hewani tu.* Fredy alisoma, akasema hapo hapana shida, maana mradi uko chini ya idara ya mawasiliano, siyo idara ya maji. Wakala pilau, wakakunja zulia jekundu, wakaondoka.

Nyamalongo iko nyuma ya Nyarugusu, mkoani Geita, na Ghati alikuwa akiuza pale wali, maharage na chai ya rangi kwa wachimbaji. Alitoka Tarime akiwa bibi harusi, akabaki akiwa mjane, na aliapa kutorudi kwa kaka yake mpaka arudi na bati za nyumba. Jiko lake lilitegemea mto. Mto ulikuwa umegeuka rangi ya saruji tangu masika, siku ukuta wa bwawa la kampuni ulipopasuka na tope la marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa kwa dawa ya kukamatia dhahabu, likashuka lote bondeni. Ng'ombe sita wa jirani yake aitwaye Sikujua walikunywa, wakalala, hawakuamka. Kampuni ilitoa taarifa kwamba mto unapumzika. Tangu hapo Ghati aliletewa maji kwa baiskeli, na yakiisha saa nne asubuhi, wachimbaji walibeba njaa yao wakaenda kwa mwingine. Mwezi mmoja zaidi wa namna ile, na angepanda basi la Tarime bila bati hata moja.

Kwa hiyo bomba alilihitaji, hata liwe na tabia gani.

Mzee Makoye, mchimbaji aliyestaafu kwa sababu ya mgongo, alichukua sululu akalifuata bomba chini ili ajue linakotoka. Lilikwenda hatua moja ya mtu mzima, likaishia kwenye udongo mkavu. Mdomo wake ulikuwa na kifuniko, na kibandiko cha bei cha dukani kilikuwa bado kimenata.

"Fukia," alisema Ghati. "Usilichokonoe, litanuna."

Makoye akafukia.

Wanawake wakapanga zamu. Mmoja ashike simu, mmoja akinge, mmoja aisifu kampuni. Waligundua upesi kwamba bomba linapima watu: watazamaji kumi, uzi, mia, mkojo wa mbuzi, elfu, ndoo kwa dakika. Wiki ya kwanza walikuwa wengi, maana watu wa Dar es Salaam hupenda kumwona mama wa kijijini akifurahi. Lakini nani ataangalia ndoo ikijaa wiki tatu? Wakapungua, wakabaki tisa, wakabaki wanne. Ghati alitabasamu zaidi. Alimsifu meneja, akamsifu mama mzazi wa meneja, akaisifu koki. Mwishoni mwa mwezi alibaki mtazamaji mmoja aitwaye Rhoda wa Ngokolo, ambaye alikuwa Rhoda yule yule, yuko kwao Shinyanga kwa likizo, anasukwa nywele. Kwa Rhoda peke yake bomba lilitoa kikombe kwa nusu saa.

Siku hiyo jiko la Ghati halikuwaka. Makoye alikuja kunywa chai, akakuta sufuria zimelala kifudifudi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, baba. Chai hakuna. Kaa unywe hewa, leo naitoa bure."

Makoye akakaa. Ujanani alikuwa kiongozi wa ngoma, na alilitazama bomba kama mtu anayemtazama mchezaji wake wa zamani. Akamweleza Ghati mambo ya uwanjani. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanacheza siku ileile, saa ileile, kila upande na ngoma yake na dawa zake, na jaji hakuna. Watu wenyewe ndio wanahama. Jua likizama, aliyebaki na watu ndiye mshindi, na mwenzake anakunja ngozi zake anarudi nyumbani akiimba peke yake.

"Mimi nimeachwa uwanjani mara mbili, mayu. Najua kunavyouma. Zote mbili nilikuwa nasifu. Watu hawafuati sifa, sifa kila mtu anazo kwao. Watu wanamfuata mwenye neno."

"Neno ninalo," alisema Ghati. "Kilichonichelewesha ni adabu."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alisimama mbele ya bomba, Sikujua akashika simu.

"Hamjambo huko mliko. Mimi ni Ghati, Mama Davis, yule mama wa ndoo. Nimetabasamu mwezi mzima, mashavu yameota misuli kama ya mpiga sululu. Sasa Sikujua, geuza simu uwaonyeshe mto. Haya, huo ndio mto unaopumzika. Umeanza mapumziko na ng'ombe sita, sijui wa saba atakuwa nani. Na bomba hili mnaloliona, chini lina urefu wa kitanda cha mtoto. Tumelipima. Msiniulize maji yanatoka wapi, mwulizeni aliyelizindua."

Bomba likakohoa, likatema kutu, likamwaga. Kufikia saa nne watazamaji walikuwa elfu arobaini, madumu yote ya kijiji yamejaa, na watu wameanza kuogesha mbuzi.

Alhamisi Fredy alifika na lori. Juu yake palikuwa na tangi la lita elfu tano. Rhoda alishuka na fulana mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kazi ya kututazama inachosha, eeh?"

Rhoda aliangalia viatu vyake. Fredy akafungua mikono. "Mama Davis, wewe ni familia yetu."

"Familia upande gani? Kwetu familia hugawana nyama. Nyinyi mmegawa tope."

Fredy akacheka kwa kiasi kilichoruhusiwa, akampa karatasi. Aisome Jumamosi saa nne, hewani, basi. Tangi litakuwa lake, litajazwa kila wiki, na sura yake itawekwa kwenye bango pale Geita mjini, balozi kamili.

Ghati alilitazama tangi. Lilikuwa tangi zuri, jeusi, lenye mfuniko, na jiko lake lisingezima tena.

"Na mto?"

Fredy alipekua makaratasi yake kwa uaminifu. "Mto haumo kwenye kampeni ya robo hii ya mwaka."

"Basi karatasi naichukua. Tangi libaki huko huko juu, lori lina mgongo mzuri."

Fredy hakuwa mjinga. Jumamosi saa nne kamili, kampuni nayo ilienda hewani kutoka getini kwake, na mchekeshaji aliyeletwa kutoka Mwanza, muziki, na zawadi za bando kwa kila atakayebaki mpaka mwisho. Makoye aliona, akasogeza ngoma yake karibu na bomba. Saa ileile, pande mbili. Mambo hayo alikuwa anayafahamu.

Watu wakakimbilia getini. Bomba la Ghati likawa uzi, likawa tone. Ghati akaazima miwani ya Makoye, akafungua karatasi, akaanza kusoma kama mtoto wa darasa la pili, bila kuruka kitu.

"'Mimi, weka jina hapa, mkazi wa, weka kijiji hapa.' Jina ni Ghati. Kijiji mtakijua kwa harufu. 'Naomba radhi kwa maneno yangu ya juzi yaliyotokana na uchovu na jua. Tabasamu.' Wameandika tabasamu, jamani, na mstari chini yake. Haya, nimetabasamu. 'Shika mtoto yeyote aliye karibu.' Davis! Njoo nikushike."

Davis, miaka kumi na tisa, ndevu kidevuni na mwilini vumbi la duara, shimo anamochimba dhahabu, akaja akakaa kwenye paja la mama yake. Kigoda kikalia.

"Hawakusema umri. Tuendelee. 'Mto wetu ni salama kwa matumizi yote. Kunywa maji, kamera ikiwa mbali.'" Akaweka sawa miwani. "Hapa narudia, mtu asiseme nimeongeza chumvi. Kamera ikiwa mbali."

Makoye akapiga ngoma pigo moja.

Watu wakahama. Walihama elfu kwa elfu, mpaka getini yule mchekeshaji akabaki anawachekesha walinzi, kisha naye akatoa simu yake mfukoni amwangalie Ghati. Rhoda alikuwa ameshika simu ya kampuni mkono wa kulia, imeelekea chini, na yake mwenyewe mkono wa kushoto. Kule Nyamalongo koki iling'oka ikatua juu ya bati la Sikujua. Maji yakapanda urefu wa nguzo ya umeme, na vijiji vitatu vilikuja na madumu vikachota mpaka jioni.

Kampuni ilitumia picha ya maji yale. *Bomba lenye nguvu kuliko yote Kanda ya Ziwa,* iliandika chini yake, na mwezi uliofuata ikapewa tuzo ya uhusiano bora na jamii. Fredy aliipokea kwa mikono miwili, ukumbi ukapiga makofi. Rhoda alihamishiwa stoo, mahali mtandao usiposhika, lakini kila siku saa kumi na mbili asubuhi hupanda juu ya magunia ya chokaa, na huko juu hushika kidogo.

Ukuta wa bwawa haujajengwa. Umezibwa kwa viroba vya mchanga, na mvua ikinyesha viroba husogea kulipisha tope. Mto bado una rangi ya saruji. Bomba bado ni hatua moja.

Jiko la Ghati linawaka. Kwenye bango la Geita hakuwekwa, bati anaziongeza moja moja. Pale bombani kijiji kimeweka sheria ndogo: anayekinga ndiye anayesema, hata kama ana haya. Koki mpya ilifungwa na Makoye.

Jana ilikuwa zamu ya Sikujua. Alisema ya mto, akasema ya ukuta, akasema ya tuzo. Ndoo ikafika nusu, maji yakaanza kulegea.

"Nimemaliza," alisema. "Yote nimeshayasema."

"Hujasema ya ng'ombe wa sita," alisema Ghati nyuma ya simu.

Sikujua alifunga kanga yake upya, akaitazama kamera.

"Wa sita alikuwa na mimba," alisema.

Ndoo ikajaa.