Bibi na Kamera ya Chumbani

Mwalimu alifundisha Kiingereza tangu ujana mpaka kustaafu, na hakuna neno lililowahi kumpiga chenga darasani. Lililompiga lilimkuta jikoni kwa binti yake, akikoroga uji wa mjukuu.

Binti yake hakufoka. Heri angefoka, wangegombana kidogo, walie kidogo, yaishe. Alisema taratibu, macho kwenye kikombe, kwamba yeye na mumewe wameamua mtoto azoee kulala mchana peke yake, hata akilia. Walimwomba Mama asiingie chumbani kumbembeleza, na Mama ameingia tena. Wamemwona kwenye kamera. Kisha akahamia Kiingereza, kama wafanyavyo watu wakitaka jambo chungu lishuke upesi.

"Mama, you are overstepping."

Mwalimu alizima jiko. Neno hilo alilijua nje ndani. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba maana yake ni kupita pale ulipowekewa mwisho, lakini wasilitupe ovyo. Mwizi aliyeruka ukuta haambiwi hivyo, maana huyo hakuwa na ruhusa tangu mwanzo. Wa kuambiwa ni mtu wa ndani: karani anayejifanya bosi, mgeni anayepanga upya sebule ya mwenyeji wake. Ni neno la mtu aliyekaribishwa, akasahau amekaribishwa mpaka wapi. Kila mwanafunzi alisimama mpaka atunge sentensi yake mwenyewe, na binti yake, dawati la mbele, alikuwa miongoni mwao. Leo ametunga nyingine, na Mwalimu aliitafutia kosa asilione.

Binti akamalizia kwamba ikishindikana, mtoto atapelekwa kituo cha kulelea watoto, na Mama arudi kwake akapumzike. Kupumzika! Kabla ya kuitwa hapa alipumzika mwaka mzima, yeye na redio yake, na kupumzika huko nusura kumtoe roho.

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema.

Tangu siku hiyo mchana ukawa adhabu. Mjukuu alikuwa na maneno machache, na alilolijua vizuri zaidi lilikuwa Bibi. Aliliita kwa kulia, kwa kubembeleza, kwa hasira, mpaka kwa kwikwi. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, mikono kaibana katikati ya magoti. Mume wangu, alimwambia mjukuu kimoyomoyo, nisamehe, nikija tutaachanishwa kabisa. Aliona uchungu, na aliona aibu, maana madarasa mangapi aliyanyamazisha kwa jicho moja, na sasa hakuweza kufungua mlango ambao haukufungwa kwa ufunguo.

Mtoto akishaamka, kuingia ilikuwa ruksa. Lakini woga humfanya mtu ajitungie sheria juu ya sheria. Mwalimu aliingia, akasimama mbali na kitanda, akainua uso kwenye kamera iliyokaa juu ya kabati, na kungoja. Mtoto alinyoosha mikono, naye alingoja. Binti yake huko ofisini akiona, sauti ilitoka kwenye kile kidude: "Mchukue tu, Mama." Hapo ndipo alipomchukua. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Alitaka tu asije akaambiwa tena lile neno. Siku nyingine binti alikuwa na kikao, na wote wawili walingoja sana, bibi mtu akitazama juu na mtoto akimtazama bibi.

Kilio kikaanza kupungua, kisha kikaisha. Binti alifurahi, akamletea mama yake viatu vya kuvalia ndani na kusema kwamba bila yeye wasingeweza. Mwalimu alivivaa, akashukuru. Hakusema kwamba kimya kile kilimuumiza kuliko kilio, kwa kuwa angemwambia nani?

Mchana mmoja, akiwa kwenye kiti chake, alisikia kishindo, kisha kimya. Safari hii hakufikiri. Alisukuma mlango akaingia mbio, kiatu kimoja kikabaki kizingitini. Mtoto alikuwa amesimama kitandani, ameshika ubao, paji la uso limeanza kuvimba, mdomo ukimtetemeka.

"Njoo, mume wangu," akasema, mikono amefungua. "Njoo kwa Bibi."

Mtoto akainua mikono yake. Ikafika nusu, akaishusha. Akageuza kichwa, machozi yakimlengalenga, akainua uso juu ya kabati akaitazama kamera, akangoja.

Ofisini walikuwa na kikao. Kamera haikusema kitu.