Mawazo Mepesi ya Jumatatu

Mimi hadithi haijawahi kunishinda kuianza. Nikishika kalamu tu, imeanza. Hii nimeishika tangu juzi, na hadi leo asubuhi nilichokuwa nimeandika ni "Mimi hadithi", kwa hiyo tusipotezeane muda, twende nyumbani kwa fundi friji.

Fundi friji anaishi na mkewe na mama yake katika nyumba yenye korido nyembamba, ambayo siku akiwa na friji la mteja humo ndani watu hupita kwa ubavu. Mkewe hukaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, akiandika majina ya watu walioshika mashavu. Jioni hurudi, huvua viatu, huweka miguu juu ya stuli, na hapo huwa mwanablogu. Blogu yake ni ya mambo ya nyumbani, na kila Jumatatu asubuhi lazima itoke habari mpya, maana kampuni moja ya sabuni imeweka tangazo lake pembeni kwa sharti kwamba Jumatatu isirukwe hata moja.

Mama ya fundi alikuwa mpiga pasi wa hoteli hadi alipostaafu, na hata leo hawezi kuona shuka lina mkunjo akanyamaza. Mumewe alikuwa fundi saa. Alikufa zamani kidogo, lakini hakuacha kurudi nyumbani jioni. Si kwamba huingia. Maji ya chai yakianza kuimba jikoni, viatu hukung'utwa kwenye ngazi ya mlango, koo husafishwa, na sauti yake huuliza kutoka koridoni, "Nani amesogeza kiti changu?"

Mama ya fundi hujibu, "Ni mimi. Nilikuwa nafagia."

Sauti huguna, kama mtu aliyeridhika ila hataki ijulikane, kisha basi hadi kesho. Kiti chenyewe ni cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya. Kila mchana baada ya kula, bibi huyo hukisogeza makusudi, hatua moja tu kuelekea dirishani, ili jioni swali lisikose sababu. Sakafu pale imechubuka. Fundi alitaka kuipiga rangi, mama yake akamwambia aguse friji za watu, sakafu aiache.

Sasa blogu ya mkwe wake, mke wa fundi, ilikuwa na tabia yake. Kitu alichokiweka kwenye kichwa cha habari kiliondoka nyumbani kikaenda kwa msomaji wa kwanza kutoa maoni. Lilianza kuondoka birika. Aliandika "Birika Langu la Kila Siku", na kabla hajapoa na furaha ya kuchapisha, jikoni palikuwa na alama ya duara tu juu ya meza. Chini ya habari msomaji aliandika: limefika, asante, linavuja kidogo mdomoni. Mkwe akamjibu kwamba alimimine kwa kuliinamisha upande wa kushoto. Baadaye aliifuta habari ile aone kama birika litarudi. Kilirudi kifuniko. Mpaka leo kimetundikwa msumarini, hakina kazi, na chai huchemshwa kwenye sufuria.

Wasomaji walilizoea jambo hilo haraka, kama watu wanavyozoea chochote cha bure. Ndiyo maana kila Jumatatu walisukumana kuandika "Wa kwanza!" hata kabla ya kusoma, na wapo ambao hawakusoma kabisa. Aliyewashinda wenzake mara nyingi alikuwa mwanamke mmoja wa mji mwingine, muuza ndoo na mabeseni, anayeishi peke yake. Pale nyumbani walimwita Mama Ndoo. Birika lilikwenda kwake. Alikuwa mstaarabu, kitu kikifika hupiga simu kuarifu, kwa kuwa namba ya mkwe ilikuwa pale pale kwenye blogu kwa ajili ya wenye matangazo.

Mwanablogu mwenye muda husafiri, huuliza watu, hupiga picha nzuri. Mkwe muda hakuwa nao. Meno ya watu yanauma mpaka saa kumi na moja, na kichwa kinachosikia vilio vya meno siku nzima hakizai kitu jioni. Kwa hiyo alikuwa na mambo yake mepesi ya kuandika, ya kumvusha Jumatatu. Alifungua droo ya jikoni akaeleza vilivyomo. Droo ikabaki na kamba moja na mchwa mmoja, ambaye hakutajwa. Aliweka picha ya zamani ya harusi yake; watu wakaondoka kwenye fremu, ukabaki ukuta na kivuli cha mpiga picha. Aliandika jinsi alivyounguza wali mbele ya wageni, na tangu hapo hajaunguza tena, ila fundi viatu mmoja aliyetangulia kutoa maoni hajala tena wali mweupe. Alijibu swali la msomaji kuhusu kutoa madoa ya wino kwenye shati jeupe. Alijibu vizuri sana, na jibu likaondoka. Ukimuuliza leo, hajui.

Jumatatu moja alikosa hata droo. Akaandika mistari michache kuhusu kicheko cha mumewe, kinavyoanzia tumboni, kinavyopanda, kinavyomalizikia kwenye kikohozi. Wasomaji walikipenda. Kilikwenda kwa mlinzi wa benki, na siku hizi anacheka pale getini hadi wateja hurudi ndani kuuliza kama akaunti zao zipo salama. Fundi mwenyewe akisikia jambo la kuchekesha hutikisa kichwa na kusema, "Hilo linachekesha." Hakulalamika. Friji halitengenezwi kwa kicheko, alisema, akaendelea na nyaya zake.

Aliyelalamika alikuwa mama yake. Alikuwa akipiga pasi mashati, na hakuinua macho.

"Kile kicheko nilikizaa mimi," alimwambia mkwe. "Ungeniuliza."

Mkwe akasema ilikuwa haraka tu, saa zilikuwa zimemtupa mkono.

"Sawa. Na baba yenu?"

"Baba simgusi, mama."

"Sema tena."

"Mama, baba simgusi. Hata nikitaka, niandike nini? Viatu na kikohozi? Nani atasoma?"

Bibi aliukunja mkono wa shati akaupitishia pasi. Ahadi aliipokea. Lakini lile la kwamba mumewe hasomeki hakulipenda, na shati lile lilipigwa pasi mara mbili.

Mambo yakaenda hivyo, hadi mkwe alipofanya kosa ambalo mwanablogu mwingine yeyote angepongezwa nalo. Jioni moja amechoka, hana la kuandika, aliona ujanja ulio bora kuliko yote: aandike kuhusu hayo hayo anayoandika akikosa la kuandika. Akaweka kichwa cha habari, "Mawazo Mepesi ya Kuandika Kichwa Kikigoma". Akayaeleza moja baada ya jingine, bila choyo. Chukua kitu kilicho mezani mbele yako, usimulie kilivyofika hapo. Fungua droo. Tafuta picha ya zamani, umtaje aliyekuwa nyuma ya kamera. Jibu swali ulilolipuuza mwaka jana. Simulia jambo uliloliharibu, watu hupenda kusoma yaliyoharibika kwa wengine. Ukishindwa kabisa, waulize wasomaji wenyewe, nao watakuandikia, wewe ukanywe chai. Ilikuwa habari nzuri, nami nasema hivyo ingawa sipendi kusifu walionizidi.

Ilisomwa kuliko zote. Kampuni ya sabuni ilimtumia salamu na kumshauri kila habari imalizike kwa kudokeza ya Jumatatu inayofuata, ili wasomaji wasipoe.

Na mawazo, bila shaka, yakaondoka. Kwa kuwa yalikuwa mengi hayakwenda kwa mtu mmoja. Wa kwanza alichukua la kitu cha mezani, wa pili la droo, aliyefuata la picha, wakagawana kama watu waungwana. Mama Ndoo naye akafungua blogu yake, ya ndoo. Ilikuwa nzuri. Habari yake juu ya ndoo iliyopasuka siku ya mvua ilimliza fundi friji, ambaye kulia bado alikuwa nako.

Jumapili mkwe alikaa mezani baada ya chakula. Alikitazama kijiko, na kijiko kikabaki kijiko. Alifungua droo, akaifunga. Alitazama fremu ya harusi yenye ukuta ndani yake na halikumjia neno. Alitaka kuwauliza wasomaji, akawa hakumbuki kwamba hilo linaruhusiwa. Mumewe akamwambia aandike kuhusu friji, kisha akafikiri kidogo akamwambia hapana, lililopo koridoni ni la mteja.

Bibi alikuwa ameshasogeza kiti, amekwenda kujinyoosha. Jua la dirishani lilikipiga kile kiti mgongoni na kwenye ule mguu wa waya.

Siwezi kusema wazo lilimjia. Lilikuwa limekaa pale siku zote, limekunja miguu, linamsubiri akose pengine pa kutazama. Mwanzoni alijiambia ataandika kiti tu. Lakini kiti bila anayekiuliza ni mbao na waya, habari isingejaa hata kiganja. Akaandika mstari mmoja wa ngazi na viatu. Akaandika koo linavyosafishwa. Akaeleza mchubuko wa sakafuni, na jinsi mtu anavyoweza kufagia mahali pamoja kila siku kwa ajili ya kuulizwa kwa nini amefagia. Hajawahi kuandika vizuri vile. Huku chumbani bibi anakoroma, yeye anafuta machozi kwa upande wa kanga na kuandika. Kichwa cha habari kilikuwa "Baba Mkwe Anaporudi Jioni". Mwisho, kama alivyoshauriwa, akaongeza mstari mmoja wa kudokeza ya wiki ijayo. Jumatatu asubuhi akaichapisha akiwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, akaenda kliniki.

Jioni bibi aliweka maji jikoni. Yakaimba. Yakachemka. Yakapungua, akaongeza mengine, yakaimba tena. Kwenye ngazi hapakuwa na kiatu.

Mkwe alikuwa karibu naye, mikono imezama kwenye beseni la nguo, mapovu hadi kwenye viwiko. Simu yake ilikuwa mezani. Fundi alikuwa koridoni, nusu yake ndani ya friji la mteja.

"Labda amechelewa," alisema mkwe.

"Amekufa," alisema bibi. "Atachelewa wapi?"

Mkwe akafikicha kola ya shati ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo.

"Umemwandika?"

"Sijamwandika, mama. Nilikuahidi."

"Leo umeandika nini?"

"Madoa ya wino."

"Yanatolewaje?"

Mkwe akaitazama kola kwa muda. Alikuwa bado anaitazama, simu ilipolia. Mikono ilikuwa na mapovu, akaigusa kwa kiwiko ili aikate, nayo kwa kuwa simu hazina adabu, ikapokea, tena kwa sauti kubwa.

"Dada, hujambo? Ni mimi wa ndoo. Nimeona niarifu, mzee amefika salama."

"Umekosea namba," alisema mkwe.

"Jamani, si wewe? Ni mimi, yule wa birika."

Mkwe akaisukuma tena kwa kiwiko, simu ikateleza juu ya meza hadi karibu na bibi. Humo ndani, nyuma ya sauti ya Mama Ndoo, kwenye mlango wa mji mwingine, viatu vilikung'utwa. Koo likasafishwa.

"Nani amesogeza kiti changu?"

Koridoni fundi alitoa kichwa ndani ya friji. "Huyo ni baba," alisema, akarudi kazini.

"Mnasikia?" aliendelea Mama Ndoo, kwa sauti ya chini kama mtu mwenye mgeni sebuleni. "Tangu saa ile anauliza kiti. Mimi kwangu nina mastuli ya plastiki tu, sijasogeza hata moja. Si kwamba ananisumbua. Kwangu hapakuwa na mtu wa kukung'uta viatu kabisa, nimefurahi. Ila nimjibu nini?"

Bibi alipunguza moto. Akafuta mikono, akaiinamia simu, na hakupaza sauti, maana siku zote alimjibu kwa sauti hiyo hiyo na haikuwahi kushindwa kufika.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nafagia."

Kisha kutoka kwenye simu likasikika guno, lile lile.

"Ahaa," alisema Mama Ndoo. "Kumbe ni hivyo tu."

Bibi akavuta kile kiti cha mguu wa waya, akakirudisha mahali pake, akakikalia. Hakuwahi kukikalia kabla. Mkwe alifungua kinywa kusema jambo, na kwa kuwa lilikuwa la kwamba hajui habari ile imechapishwa na nani, akakifunga. Simuni arifa za wasomaji zilikuwa zikilia moja juu ya nyingine, watu wanalia, watu wanasifu, kampuni ya sabuni imo.

"Na Jumatatu ijayo," aliuliza bibi, "unaandika nini?"

"Sijui bado, mama. Kichwa kitupu kabisa."

"Lakini dada," ikasema simu, "si umeandika pale chini kwamba ijayo ni mama mkwe? Mimi nimeshatandika kitanda. Safari hii pia nitakuwa wa kwanza."

Mkwe alizamisha mikono yote ndani ya beseni. Bibi alimtazama, kisha akaivuta simu karibu.

"Shuka umelipiga pasi?" aliuliza.