Wazee Wanamjua Zimwi

Jumanne hiyo Darmi alifika ofisi ya vitambulisho pale Garsen saa mbili kasorobo, mfagiaji akiwa bado kwenye veranda. Alikuwa na bintiye Hanan, bahasha ya kaki, chupa ya chai ya maziwa, na zimwi. Walikuja kwa pikipiki mbili, moja ya mama na mwana, nyingine ya zimwi peke yake, maana ni mzito na kwato lake la kushoto huchubua tangi. Mwenye pikipiki alilalamikia rangi ya tangi tu.

Ilikuwa safari ya saba. Hanan alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na barua ilisema afike Ijumaa akiwa na kitambulisho au karatasi ya kukisubiri, la sivyo nafasi apewe mwingine. Kwingine nchini kijana hupeleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, akachukuliwa alama za vidole, akaenda zake. Sisi huku lazima kwanza tukae mbele ya wazee wa kamati watuulize kama kweli ni wa hapa, kana kwamba tulifika mto Tana wiki mbili zilizopita. Inachosha. Inachosha hata kuisimulia.

Kitambulisho cha Darmi kilichukuliwa na mafuriko. Cha mumewe, Kuno, kilikuwa mfukoni mwa shati siku alipomezwa.

Kuno alimezwa miaka miwili iliyopita kwenye malka, ile njia ya ng'ombe kushukia mtoni, wakati wa ukame. Alikuwa akibishana na zimwi ni zamu ya nani kunywa maji, na Kuno hajui kunyamaza. Lakini zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu alimjua Kuno tangu akichunga ndama, kwa hiyo hakumtafuna. Alimmeza mzima, na fimbo yake. Tangu hapo Kuno anaishi humo tumboni na huongea kupitia mdomo wa pili wa zimwi, ule wa kisogoni, chini ya nywele. Huuliza habari za ng'ombe. Hutoa amri. Darmi husema mume aliyemezwa ana maneno kuliko aliye nyumbani, na huwezi hata kumnyima chai.

Karani aliwaita saa nne. Jina lake Suleiman, kijana mpole mwenye kuheshimu watu, na upole wake ulikuwa haujamsaidia mtu hata mmoja.

"Mama, nilisema baba mwenyewe aje."

"Amekuja," Darmi alisema. "Iko ndani."

Suleiman alimtazama zimwi kutoka nywele mpaka kwato. "Basi atoe kitambulisho."

Zimwi aligeuka, akasogeza nywele kando. Mkono wa Kuno ulitoka kisogoni hadi kwenye kiwiko, umeshika kadi. Suleiman aliipokea kwa tishu, akaikausha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Tumbo lilikuwa limekula picha na nambari nne za mwisho.

"Hii haina sura."

"Sura yangu iko hapa hapa," Kuno alisema kutoka ndani. "Njoo uchungulie."

"Mzee, mimi siruhusiwi kuchungulia."

Dawa ya jambo hili inajulikana hata na watoto. Ukimkata zimwi kidole cha mwisho, wote aliowameza hutoka wakiwa hai. Darmi alikuwa ameshakwenda zahanati. Muuguzi alikubali kukata, na zimwi mwenyewe alikubali, maana alikuwa amechoka kuamrishwa na mtu aliye tumboni mwake. Ila zahanati haimkati mgonjwa asiye na kitambulisho. Kwa hiyo ilibidi zimwi apate chake kwanza. Suleiman aliona hilo ni sawa, akawapeleka wote wawili, zimwi na Hanan, kwa wazee.

Wazee walikuwa watatu, wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya kibanda cha mabati nyuma ya ofisi. Mwenyekiti wao alikuwa Hiribae. Alianza na zimwi.

"Wewe unajulikana kwa nini?"

Zimwi alionyesha kwato. Aligeuka akaonyesha mdomo wa kisogoni, ambao wakati huo ulikuwa ukimsalimia Hiribae kwa jina na kumwulizia mbuzi wake. Alisema akikaribia watu husikia harufu ya nyama mbichi, na kwamba husikia hata sasa, lakini wasiogope, yeye amekunywa chai. Mzee wa pili alikumbuka bibi yake alivyomsimulia habari za kwato hilo hilo. Wa tatu aliuliza kama bado huimba kabla ya kula, akaambiwa aliacha. Wakaitikia kwa vichwa.

"Huyu tunamjua," Hiribae alisema. "Hata babu zetu walimjua." Akagonga muhuri.

Hanan aliulizwa ukoo wake, malka yao, alama ya sikio la ng'ombe wao, na majina ya mababu mpaka wa saba. Alijibu yote bila kusita.

"Majibu iko sawa," Hiribae alisema. "Lakini majibu, hata mutu ya nje anaweza kufundishwa."

"Mzee Hiribae," Darmi alisema, "wewe ulikula harusi yangu. Huyu mtoto ulimuombea dua siku ya jina."

"Nakumbuka. Nyama ilikuwa mingi. Lakini hapa mimi nimekaa kama kamati."

Darmi aliitua chupa ya chai chini kwa nguvu, kifuniko kikabingirika hadi miguuni pa wazee. Hakuna aliyekiokota.

Ndani ya ofisi zimwi alichukuliwa alama za vidole. Vilikuwa vipana kuliko mashine, vikachukuliwa nusu nusu. Akapewa karatasi ya kusubiri. Darmi aliuliza kama sasa waende zahanati.

"Kukata kidole gani?" Suleiman aliuliza.

"Cha mwisho. Cha kushoto."

"Hapana, mama. Vidole vyote kumi viko serikalini sasa. Kimoja kikikosekana, huyu si yeye tena."

Zimwi aliomba radhi. Kuno alinyamaza, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili.

Suleiman alifikiri, akafungua fomu upya. Alitaka kusaidia kwa moyo wake wote. "Iko njia. Hapa panasema mzazi au mlezi. Huyu sasa ana karatasi, na baba yuko ndani yake. Nikimwandika yeye, wazee hawatakuwa na swali. Mtoto wa mtu anayejulikana."

"Mimi nimezaa," Darmi alisema. "Kuno amelea. Na wewe unataka kuandika ule amemeza Kuno."

"Mama, mimi naandika aliyethibitishwa."

Darmi alimtazama bintiye. Hanan alikuwa ameshika barua ya chuo, kidole kimekaa juu ya neno Ijumaa.

"Aba?" Hanan aliita.

Nywele za kisogoni zilitikisika.

"Andika," Kuno alisema. Kisha akauliza kama yule mtamba mwekundu ameshazaa.

Wazee walimpitisha Hanan wakiwa wamesimama, maana muda wa swala ulikuwa umekaribia. Hiribae aligonga muhuri, akamwambia binti asome kwa bidii asiwaaibishe watu wake. Wakati wanatoka, msichana wa Bura aliyekuwa nyuma yao foleni, mwenye baba hai kando yake na vyeti vyote mkononi, aliambiwa arudi Jumatatu.

Ijumaa asubuhi askari wa lango la chuo alichukua karatasi ya Hanan na kuisoma taratibu. Hanan Zimwi. Alimtazama miguu, akamtazama kisogo.

"Hao nawajua," alisema. "Bibi yangu alikuwa akitusimulia."

Akamfungulia lango, asimwulize anatoka wapi.