Majembe ya Kuzeeshwa

Yotham aliingia Dodoma jua likiwa la utosi, mzigo wa majembe umemchuna bega tangu Mvumi. Alikuwa mhunzi, na baba yake alikuwa mhunzi. Zamani wateja walimfuata nyumbani, wakakaa wakisubiri chuma kipoe. Lakini tangu reli ya Wadachi ipite, majembe ya Ulaya yalijaa madukani, mepesi, yanang'aa, na wakulima wakayakimbilia. Sasa ni yeye aliyezunguka na mzigo.

Alipita duka baada ya duka karibu na stesheni, kwenye mikeka, vinu na vibuyu. Kila mwenye duka alimtikisia kichwa. La mwisho lilikuwa la Halfani, mtu ambaye babu yake alikuja na misafara ya pwani akaoa huku huku. Halfani aliwauzia wageni wa gari moshi.

"Shikamoo, mzee," Halfani alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Tazama majembe."

Halfani akainua moja, akaligonga kwa kidole, likalia vizuri. "Kazi safi. Tatizo lake ni kuwa jipya."

"Jembe jipya lina tatizo gani?"

"Mkulima anataka la Ulaya, na wageni wangu wanataka la kale. Lako halina mtu. Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka nyumba ya Mdachi mmoja mpima ardhi, ambaye watu wa mji walimwita Bwana Miwani. Bwana mwenyewe alikuwa safarini, lakini chumba chake cha vitu vya kale kilikuwa wazi kwa atakaye kutazama. Mtunzaji, Bi Kuluthumu, alikuwa akifagia mlangoni.

"Mbukwa, baba," alimwamkia kwa Kigogo. "Pangusa miguu. Na usiguse kitu."

Ndani kulinukia kafuri. Mikuki ilisimamishwa ukutani, na ngao za ngozi ya nyati, na vibuyu vya maziwa, na mazeze yasiyo na nyuzi, kila kimoja kimefungiwa kikaratasi. Mezani palikuwa na mivukuto ya mhunzi, ngozi yake imekauka na kupasuka.

"Wenyewe wako wapi?" Yotham aliuliza.

"Wengine walivileta kwa mikono yao, mwaka ule wa njaa," alisema Bi Kuluthumu. "Wengine wamekwenda kufanya kazi ya reli."

Yotham aliona kama yumo katika nyumba ya marehemu baada ya matanga, vyombo vimetolewa vigawanywe na warithi hawakutokea. Miguu ilikuwa inamwuma. Vigoda vilijaa kila upande, na hakuna hata kimoja cha kukalia. Akaegemea mlango.

Waliporudi dukani, Halfani alimpa uji, akamwacha anywe kwanza.

"Yafukie uani kwangu," alisema. "Yamwagie maji ya chumvi na majivu. Mwezi ukiandama mara mbili, yatakuwa majembe ya babu yako."

"Babu yangu aliyapaka mafuta yasishike kutu."

"Babu yako hakumwuzia Bwana Miwani."

"Na huo si uongo?"

"Wewe usiseme neno. Bwana atasema mwenyewe."

Yotham aliwaza njia ya kurudi Mvumi na ule mzigo begani. Akachukua jembe moja, akachimba shimo kwa jembe hilo hilo, kisha akalitupia humo pamoja na mengine. Nyumbani mkewe, Loisi, alipouliza kama yamekwisha, alijibu yamekwisha, akageukia ukuta akalala.

Mwezi ulipoandama mara ya pili alirudi Dodoma, akamkuta Bwana Miwani dukani, anaparura kwa ukucha kutu ya jembe lililofukuliwa, uso umemchangamka.

"La kale sana hili," Mdachi alisema kwa Kiswahili chake cha pwani. "Nani alifua?"

Halfani akatazama chini. Yotham hakuwa amekusudia kusema, lakini neno lilimtoka.

"Mimi."

Bwana Miwani akacheka, akampiga bega. "Ndiyo, ninyi, watu wa kabila lako. Lakini aliyefua hili amekwisha kufa zamani."

Yotham akaona hana nguvu ya kubishana na mtu juu ya kifo chake. Mdachi akayachukua yote, akaagiza mengine, ya kale kama hayo, kabla ya mvua.

Alipolipwa, Yotham alisimama kitambo barabarani. Jembe la Loisi lilikuwa limelika hadi kubaki kipande, na kulima kulikuwa kunakaribia. Angeweza kumfulia. Lakini mkaa ulikuwa umekwisha, na chuma kilichobaki kilikuwa cha majembe aliyoagiza Mdachi. Akaingia duka la Mhindi.

Loisi alilipokea jembe la Ulaya, akalipima mkononi.

"Jepesi."

"Ndiyo."

"Na wewe je? Kiwanda kimekufa?"

"Hakijafa. Nimepata kazi ya kufua majembe yaliyozeeka."

Alimweleza yote: chumba, shimo, kicheko cha Mdachi. Alidhani mkewe atacheka au atamsuta, kwa kuwa wamisheni walimfundisha kuuogopa uongo. Loisi hakufanya lolote katika hayo.

"Ulimwambia ni wewe," alisema.

"Nilimwambia."

"Basi. Keti ule."

Akamletea ugali na mlenda. Yotham alikula matonge machache, kisha kichwa kikamlemea, akasinzia ameketi vile vile. Loisi akalitoa bakuli taratibu mkononi mwake, akamfunika shuka, akaenda kufunga ng'ombe.