Kigimbi cha Umeme

Watu walimwita Umeme, na jina lilimkaa vizuri kuliko nguo zake za kazi. Alikuwa fundi lipu. Akishapanda jukwaani na mwiko mkononi, hashuki mpaka ukuta umalizike. Chakula alikula amesimama. Hata kitandani hakutulia. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na kutwa nzima yuko nyuma ya cherehani, alimwambia asubuhi moja, "Bwana wee, jana umenipiga mateke mpaka nimelala nimebanwa na ukuta."

Tangu mama mkwe ahamie kwao, Umeme alizidi. Bibi huyo alikuwa ameanguka akiwa peke yake nyumbani kwake, na wanawe wakaamua asirudi kuishi kule. Umeme hakumchukia, la. Alimheshimu mno, na heshima hiyo ndiyo iliyomtesa: hakujua akae wapi, avue shati wapi, wala aseme nini baada ya shikamoo. Dawa aliyoiona ni kuwahi kutoka na kuchelewa kurudi.

Siku iliyomharibia mambo, alikuwa anapiga lipu ukuta wa darasa. Saruji ilikuwa inaanza kukaza, naye akaona kushuka kwa ngazi ni kupoteza muda, akaruka. Alipotua tu, akasikia kitu kimempiga nyuma ya mguu, pa! Akageuka kwa hasira.

"Nani kanitupia jiwe?"

Fundi mwenzake, aliyekuwa anachanganya mchanga, akamtazama. "Jiwe gani? Tuko wawili tu hapa."

Umeme akajaribu kupiga hatua, kigimbi kikakataa.

Zahanati alipokewa na mtaalamu wa viungo, dada mmoja mwenye sauti ya chini na vidole vya chuma. Alimlaza kifudifudi, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mpaka Umeme akang'ata mto.

"Msuli umechanika," alisema. "Si wote. Nyuzi kadhaa za ndani."

"Basi nitauchua na dawa ya moto."

"Siku hizi za mwanzo hapana. Kidonda kibichi unakichua? Funga barafu kwenye kitambaa uiweke kwa muda mfupi mfupi, vaa bandeji hii, ukikaa mguu uwe juu ya mto."

"Kazini narudi lini?"

"Mguu wenyewe utakuambia."

"Na ukikaa kimya?"

Dada akacheka, akaanza kumfunga bandeji.

Basi Umeme akakaa. Sebuleni kulikuwa na kochi moja, kiti cha plastiki na dirisha. Yeye kwenye kochi, mguu juu. Mama mkwe kwenye kiti. Kutoka chumba cha pili cherehani ikinguruma na kunyamaza, ikinguruma na kunyamaza. Walikuwa kama watu wawili wanaongoja kuitwa ofisini. Mama mkwe akainuka, akaenda dirishani. "Kaa mama, utaanguka," mkewe akaita bila hata kuchungulia. Mama akakaa. Kiti kikalia. Umeme akageuza mto. Akaugeuza tena. Akaona ufa mwembamba juu ya mlango, na tangu hapo macho yake hayakuweza kwenda kwingine.

Uvimbe ulipopungua alianza kuchechemea, na asubuhi moja akaamka hasikii maumivu. Akaukanyagia mguu, kimya. Akaruka kidogo, kimya. Kabla mkewe hajapiga mswaki, Umeme alishafika kazini, na kabla ya chai alikuwa amepanda ngazi na ndoo imejaa. Kwenye kipago cha juu, pa! Safari hii hakutafuta aliyetupa jiwe. Aliikumbatia ngazi, ndoo ikaenda zake chini, na fundi mwenzake akambeba mgongoni kumshusha.

Dada wa viungo hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi.

"Maumivu yakiondoka haimaanishi kuwa msuli umepona," alimwambia. "Pale ulipochanika panaungwa na nyuzi mpya, bado laini. Usipozipa muda zinakatika. Lakini pia usizilaze tu, maana msuli unaolala sana unasinyaa. Unazifundisha kazi kidogo kidogo. Kwanza ukiwa umekaa, inua kisigino, shusha. Ukiweza bila maumivu, simama ushike kiti, ufanye vilevile. Halafu mguu mmoja. Ngazi baadaye kabisa."

Kazi ya darasa ikamalizwa na mwenzake. Umeme akarudi kwenye kochi lake, safari hii na magongo na hasira. Alimfokea mkewe kwa sababu ya kelele ya cherehani, cherehani ileile iliyokuwa ikiwalisha wakati huo. Mkewe alizima mashine, akajitanda khanga, akatoka kwenda kununua zipu.

Umeme alikuwa chumbani akiinua kisigino na kukishusha, akijiona mjinga, aliposikia geti likilia. Akadhani ni mkewe amesahau kitu. Akachungulia: mama mkwe alikuwa barabarani, mkoba kwapani, viatu vya safari miguuni.

"Mama!"

Mama hakugeuka.

Akanyakua gongo moja na kutoka. Alitaka kukimbia, na mwili wote ulikimbia isipokuwa ule mguu. Mbele yake bibi alitembea akijishikilia kwenye kuta za watu, mwendo wa kunyata, lakini hakusimama. Na yeye nyuma, gongo, mguu, gongo, mguu, jasho linamtoka. Kinyozi alitoka mlangoni na mkasi wake.

"Umeme! Leo umekatika?"

Umeme akampita akihema. Alimkuta mama mkwe kituo cha mabasi, amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Mama, shikamoo," alisema kwa kuchanganyikiwa.

"Marahaba. Ulishaniamkia asubuhi."

Akajitupa kando yake. Kigimbi kilikuwa kinapwita.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwangu."

"Mwanao akirudi asikukute, atalia."

"Najua. Lakini mwanangu, mimi kwenu nimewekwa. Nikiinuka, kaa mama. Nikishika ufagio, kaa mama. Wanangu wananipenda, sikatai. Ila miguu yangu inasahau kazi yake." Akautazama ule mguu uliofungwa bandeji. "Wewe umekaa siku hizi chache tu, umeshagombana na mito yote ya nyumba."

Umeme akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka.

"Nikikurudisha leo, kesho utatoka tena?"

"Kesho, na keshokutwa."

Basi lilikuja. Kondakta akaanza kuita abiria. Umeme alitazama barabara waliyotoka, akatazama mkono wa bibi uliokwisha shika mkoba sawasawa. Alimjua mtu asiyeweza kutulia. Alikuwa anaishi na mmoja ndani ya ngozi yake.

"Haya, mama. Lakini twende wote."

Ndani ya basi alimpigia mkewe. Abiria wote walisikia majibu.

Nyumba ya mama ilikuwa na vumbi tu. Bibi alivua viatu, akaingia chumba kwa chumba, na Umeme, aliyekaa chini mguu umenyooka, aliona kwamba mle ndani hakushika kuta. Ila mlango wa uani alisita. Kizingiti kilikuwa kimebomoka upande.

"Hapa ndipo nilipoanguka," alisema.

Mkewe alifika jioni, macho mekundu.

"Mgonjwa anamtorosha mgonjwa mwenzake! Mngeanguka wote wawili njiani, ningemwokota nani?"

"Mimi ndiye niliyemwambia twende," mama akasema.

"Uongo," akasema Umeme. "Niliamua mwenyewe. Hukai naye wewe, mke wangu. Wewe unashona. Mimi ndiye ninayekaa naye, na nakuambia, anasinyaa."

Waligombana mpaka wakachoka. Mwisho mkewe alikaa sakafuni karibu na mamake, akamshika magoti, akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema kaa mama."

Hawakumwacha kule siku ile, lakini walikubaliana kwamba atarudi kwake miguu ikipata nguvu. Walimpeleka zahanati, na dada wa viungo akampa naye mazoezi. Kila asubuhi wakwe hao wawili walitoka kutembea, wakibishana nani anamchelewesha mwenzake. Umeme alianza kazi na kuta za chini, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akilalamika saa zote. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kile kizingiti. Kilipokauka, mama akahamia kwake pamoja na mjukuu wake mkubwa, binti aliyekuwa anatafuta mahali pa kupanga.

Jumapili iliyofuata nyumba ilikuwa kimya. Umeme alikaa kwenye kochi, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Akapiga simu.

"Mama, umetembea leo?"

"Nimekwenda mpaka dukani na kurudi. Wewe umepumzika?"

"Nimepumzika."

"Muongo," mama akasema. "Nasikia unavyohema."

Umeme akakaa.