Usukani wa Kulia

Ijumaa asubuhi Hisham bin Marhoon alitoka nyumbani kwao Al Khuwair, Maskati, kwenda kununua mkate. Alifungua mlango wa kushoto wa Nissan Patrol yake, ambao huko ndio wa dereva, akakaa, akanyoosha mikono kushika usukani. Usukani haukuwepo. Mbele yake palikuwa na kisanduku cha kuwekea leso na miwani, na usukani ulikuwa upande wa kulia, pamoja na breki na mafuta, umetulia kama uliozaliwa huko. Hisham aliutazama kidogo. Kisha alijivuta mpaka kiti cha pili, kwa taabu kwa sababu ya kanzu, akawasha gari, akaenda zake. Aliporudi, mama yake, Kawthar, alilalamika kwamba mkate umefika umepoa.

Kesho yake alilipeleka gari gereji huko Rusayl. Fundi aliupapasa upande wa kushoto, asione tundu, msumari wala rangi iliyokwaruzwa. "Kazi safi hii," alisema, akauliza ni nani kaifanya. Aliurudisha usukani kushoto kwa jasho jingi. Hisham alilala kwa raha, na alfajiri usukani ulikuwa kulia tena. Akaliuza lile Patrol, na mnunuzi alipoketi tu, usukani ulirudi kushoto kwa adabu. Akanunua Land Cruiser. Alfajiri, kulia. Hata gari la ofisini, alilopewa siku moja kupeleka mafaili wizara ya jirani, lilimfanyia vilevile kabla hajafika kwenye mzunguko. Basi ikafahamika kwamba maradhi hayakuwa ya magari.

Kwenye ukaguzi wa kila mwaka, askari alilizunguka gari, akamwambia kwamba usukani wa kulia hauruhusiwi.

"Umeuhamisha wewe?"

"La."

"Nani kauhamisha?"

"Umehama wenyewe."

Askari alifikiri. "Basi si kosa lako," alisema, akampitisha.

Aliyeuhamisha alikuwa Nasriya, khalti yake Hisham, dada wa mama yake. Na asilaumiwe bado, maana nitaeleza.

Nasriya alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, Aseel. Aseel na Hisham walikwenda Bangkok kumuuguza Marhoon, baba yake Hisham, kama familia nyingi za Maskati zinavyokwenda huko kwa matibabu. Marhoon alipona akarudi. Vijana walibaki, wakapata kazi ya kuwatafsiria wagonjwa wa Kiomani hospitalini, na wakapata walichokuwa wakikitaka siku zote, yaani watu wanaougua magari kama wao. Kila Jumapili, Wathai na wageni walikutana kwenye uwanja wa soko lililofungwa: vigari vidogo vya Kiingereza vilivyopakwa rangi mbili, Mercedes kuukuu zenye viti vya ngozi, pikapu zilizoshushwa mpaka paka asipite chini yake. Binamu hawa wawili walishirikiana Toyota Celica ya miaka ya sabini, rangi ya machungwa.

Aseel alipenda gari likiwa limesimama. Alilifuta, akalifungua boneti, akalisikiliza, na akamrekodia mama yake mlio wa injini. "Sikiliza, mama, inavyopumua," alikuwa akisema kwenye simu, na Nasriya akisikiliza mpaka mwisho akiwa jikoni. Hisham alipenda gari likiwa linakwenda, na kwa Hisham kwenda kulikuwa na maana moja tu.

Katika barabara iendayo Hua Hin, Celica ile iliacha njia ikaingia kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi za kuchoma. Mama yule alikufa. Aseel alikufa. Vijana wote wawili walirushwa nje ya gari, kwa hiyo neno lilibaki la aliye hai, na aliye hai alisema kwamba aliyekuwa akiendesha ni Aseel. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Hisham ilitoka Bangkok ikafika Maskati bila kukatika.

Siku za matanga watu walimwombea Aseel rehema ndani ya nyumba, na wakifika mlangoni, wakitafuta viatu vyao, waliambizana kwamba kajiua mwenyewe na kaua mtu wa watu. Jina la yule mama muuza ndizi hakuna aliyeliuliza. Chama cha wapenda magari cha Maskati, ambacho binamu wote wawili walikuwa wanachama wake, kilitengeneza stika za kubandika kwenye vioo vya nyuma: USIKIMBIZE KAMA ASEEL. Walikusudia kheri. Mwenyekiti, Bader, alimletea Nasriya moja kwa mikono yake, akamweleza kwamba itaokoa vijana. Tangu hapo Nasriya hakuweza kwenda sokoni Seeb bila ya kulisoma jina la mwanawe kwenye matako ya magari ya watu.

Siku ya tatu ya matanga, Hisham aliingia chumba cha wanawake kumpa pole khalti yake. Alipiga magoti, akamshika mikono, akalia machozi ya kweli.

"Khalti, mie nilikaa kulia," alisema. "Mlango wa kulia ukafunguka, nikarushwa kwenye majani, Mungu akaniokoa. Aseel maskini alikaa kushoto, akatokea upande wa nguzo."

Wanawake walilia naye. Maskati dereva hukaa kushoto na abiria kulia, kwa hiyo kila mmoja aliiona picha vizuri kichwani mwake, na ilikuwa picha iliyonyooka. Lakini Nasriya alijifunza kuendesha Unguja, akiwa msichana, katika miaka ya sabini, ndani ya Peugeot ya mjomba wake, ambako gari hushika kushoto na dereva hukaa kulia. Na Thailand ni kama Unguja. Aseel mwenyewe alimwambia kwenye simu, wiki ya kwanza tu: "Huku kama kwenu, mama, dereva kulia." Mwongo alikuwa amembadilisha dereva, akasahau kuvibadilisha viti.

Nasriya aliondoa mikono yake kwenye mikono ya Hisham, akaomba maji ya kunywa. Machozi yalimkauka pale pale na hayajarudi mpaka leo.

Matanga yalipokwisha alimwita Hisham peke yake. "Nani alikuwa akiendesha?" alimuuliza.

"Aseel, khalti. Nshakwambia."

Basi Nasriya akasomesha Halbadiri, kisomo cha kumshtakia Mungu aliyekudhulumu. Sheikh aliyekuja alikuwa mtu wa taratibu, na kabla ya kufungua kitabu alitaka kujua mwombaji anaomba nini. Afe? Apofuke? Apooze upande? Nasriya alitaka afe. Alitaka hivyo kwa mwili wake mzima, kama mtu anavyotaka maji. Lakini aliyemtaka afe alikuwa mtoto aliyemwogesha mwenyewe kwenye beseni moja na Aseel, na ulimi ulimgeukia. "Nnataka ukweli wake uonekane na kila mtu," alisema. Ubani ulifukizwa, kisomo kikasomwa, watu wakala wali. Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi Hisham alitoka kwenda kununua mkate.

Ombi lilikubaliwa herufi kwa herufi, na hapo ndipo ilipokuwa kasoro yake. Ukweli ulionekana na kila mtu. Ulipita barabarani mchana kweupe, ukaegeshwa mbele ya wizara, ukapigiwa honi. Mwenye mkahawa wa karak, chai ya maziwa na iliki, ambaye wateja wake humwita kwa honi wakiwa ndani ya magari, alizoea kumpelekea Hisham gilasi yake dirisha la kulia bila ya kuambiwa.

Na wapenda magari walifurahi kupita kiasi. Gari la usukani wa kulia ndilo wanaloliota wote, magari ya Kijapani halisi ambayo hapa huyaoni ila kwenye simu, na huyu mwenzao alikuwa akikalia gari lolote likageuka kuwa hilo. Walimwomba alale na funguo zao. Walimpa ukatibu wa chama, kisha umakamu. Siku moja tu, wakiwa barazani kwa Bader, kijana mmoja aitwaye Nawar alisema, kama anayejisemea, "Lakini kule Thailand si usukani uko kulia?"

Bader alimjazia kahawa Nawar, ingawa finjani yake haikuwa tupu.

"Mambo ya watu na khalti zao hayo," alisema Bader, na mazungumzo yakarudi kwenye matairi.

Kawthar ndiye aliyekwenda kwa dada yake. Alileta halwa, akakaa, akazunguka maneno kwa muda mrefu, kisha akayatua.

"Mwondolee mwanangu kisomo, Nasriya. Shingo inamuuma kwa kuchungulia akitaka kupita gari la mbele."

"Wangu shingo ilivunjika."

"Mie sikatai. Lakini Aseel keshafika, Mungu amrehemu. Hisham ana kazi, anataka kuoa. Maiti haoni haya, dada yangu."

"Mie si maiti."

Kawthar aliitazama halwa. Alikuwa anajua. Alijua tangu siku ya tatu ya matanga, kwa sababu naye alipanda Peugeot ile ile ya mjomba, kiti cha nyuma, akigombania dirisha na dada yake. Nasriya aliliona hilo usoni mwake, na chuki yake, iliyokuwa ya mtu mmoja, ikapata nafasi ya wawili.

"Aseme pale pale aliposema la kwanza, mbele za watu," alisema Nasriya. "Neno moja tu. Siku hiyo usukani utarudi wenyewe."

"Hawezi."

"Basi na ajifunze kupenda kulia."

Alijifunza. Alioa, na bibi harusi akaketi kushoto akipungia watu kwa dirisha ambalo kwingine lingekuwa la dereva. Stika zilipobabuka kwa jua, chama kilichapisha nyingine zenye gundi bora.

Hapo Nasriya alifahamu kwamba kuonekana na kukubaliwa ni mambo mawili, na kwamba kisomo kilikuwa kimemaliza kazi yake. Iliyobaki ilikuwa yake yeye. Ijumaa moja alijifunga buibui, akaenda Madinat Sultan Qaboos, kwenye uwanja wa kuegesha ambako chama hukutana baada ya alasiri. Watu waliinuka kumwamkia. Alimwendea Hisham, aliyekuwa akifuta kioo cha Land Cruiser.

"Hisham mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "nimeikumbuka Unguja. Nnataka kuendesha kidogo. Nawe ukae kushoto, unishikie mkoba."

Mbele za watu, mtu hamkatalii khalti yake, sembuse khalti aliyefiwa. Hisham aliutoa ufunguo. Vijana walipiga makofi. Nasriya alivua viatu, kama alivyofundishwa na mjomba wake, akaviweka nyuma, akaingia kulia. Hisham aliingia kushoto. Hakuwa amekaa kiti cha abiria tangu Thailand, ambako pia hakukaa.

Walitoka mpaka barabara kuu, na hapo Nasriya akakanyaga mafuta.

"Nani alikuwa akiendesha?"

"Aseel, khalti."

Alikanyaga zaidi. Nguzo za taa zilikuwa zikija upande wa Hisham, moja baada ya moja, karibu sana.

"Nani alikuwa akiendesha?"

"Khalti, punguza!"

"Nakuuliza."

"Mie! Mie, wallahi mie! Punguza, khalti!"

Nasriya hakupunguza mara ile. "Na Aseel alikuambia nini?"

Hisham alikuwa ameukumbatia mkoba kwa mikono miwili. "Aliniambia nipunguze."

"Ukapunguza?"

"Sikupunguza."

Basi akapunguza. Alikuwa amelitaka neno hilo kuliko chakula, na lilipofika lilimkata kila lilipopita, kwa sababu sasa aliisikia sauti ya mwanawe ikiomba. Alirudi taratibu, akiwasha taa za kuonyesha njia kila kona. Uwanjani alisimamisha gari mbele ya watu wote.

"Shuka, uwaambie," alisema.

Hisham alishuka. Kanzu ilikuwa imelowa mgongoni. Aliinyoosha, akaweka kofia sawa, akawatazama wenzake waliosimama na gilasi zao za chai, na wao wakamtazama.

"Khalti anapenda kupunga upepo," alisema.

Watu walicheka kwa upole. Bader alimuuliza Nasriya kama breki hazivuti upande, naye akajibu kwamba ziko sawa.

Tangu hapo huja kila Ijumaa, na kila Ijumaa Hisham humpa ufunguo, kwa kuwa kumnyima ingebidi aeleze sababu. Ameshakiri njia yote ya Seeb na njia yote ya Qurum. Amekiri kwenye daraja, amekiri kwenye mzunguko, amekiri mpaka jina la yule mama wa ndizi, ambalo alikuwa akilijua siku zote. Nasriya hulirudia jina hilo polepole ili alitamke vizuri. Wakikaribia uwanja, Hisham humwomba amsamehe, amhalalishie, duniani na akhera, na Nasriya humwambia la. Kisha hufika, na Hisham hushuka, na husema lile lile.

"Haya, Ijumaa ijayo, inshallah," husema Nasriya, akivaa viatu vyake.

"Inshallah," huitikia wote uwanjani. Na Hisham, kwa kuwa si neno ambalo Mwislamu hulinyamazia, huitikia nao.